Tusiwaue nzi tukidhani ni nyigu

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya mdudu anayeuawa bila hatia mashambani mwetu.

Msimu uliopita wanafunzi wangu wa darasa la tano walinijia mbio wakisema shamba la maharage la shule limevamiwa na nyigu. Nami, bila kuchunguza, nikaruhusu lipigwe dawa. Jioni nilipookota waliokufa niliona aibu. Karibu wote walikuwa nzi.

Yupo nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, ambaye huelea hewani mahali pamoja mbele ya ua kisha akachomoka ghafla. Hana mwiba. Rangi zile ni kinga yake tu: ndege akishaumwa na nyigu humwogopa kila mwenye sare ile. Wengine hata hupindisha tumbo kana kwamba watachoma! Nzi ana mabawa mawili na nyigu manne, lakini ya nyigu hushikana, hivyo si rahisi kuyahesabu akiwa hai. Afadhali utazame kichwa. Nzi huyu ana macho makubwa mno na vipapasio vifupi sana. Vya nyigu ni virefu.

Jike hutaga mayai penye vidukari, na funza wa aina nyingi za nzi hawa huwala vidukari hao kwa mamia kabla ya kukomaa. Ajabu ni kwamba funza huyo naye tunamponda tukidhani ni kiwavi anayekula majani. Basi anauawa utotoni na ukubwani, nasi twanunua dawa ya kufanya kazi aliyoifanya bure. Tena huchavusha maua. (Hata nyigu mwenyewe hula viwavi, ila huyo sithubutu kumtetea mbele ya wazazi.)

Kwetu, majuma mawili baada ya dawa vidukari walijaa tena, na safari hii sikuona nzi hata mmoja.

Sipingi dawa. Ninachoomba ni mabwana shamba, wanapotuonyesha wadudu waharibifu, watuonyeshe na hawa. Nasi walimu tutoke ubaoni twende shambani. Mwaka huu wanafunzi wangu hawagusi bomba la dawa mpaka waniletee mdudu mmoja ndani ya chupa, tumtazame kwanza.

Mwalimu wa Kijijini,
Lushoto.