Kasi ya Mwanzo Si Mizani ya Aushi

Kila mwaka katika Marekani, ligi kuu ya besiboli ifunguapo msimu wake, aghalabu huzuka kijana mmoja mwenye mikono ya nguvu akapiga homurani kumi au kumi na tano kabla joto halijakolea, na papo hapo wapenzi wa mchezo huo, pamoja na waandishi ambao ilikuwa wajibu wao kuwatuliza, huizidisha kasi yake ya majuma machache kwa michezo 162 ya msimu, kisha kwa misimu ishirini, wakamkalisha juu ya magwiji wa homurani Babe Ruth na Hank Aaron ilhali hajatimiza mwaka mmoja kazini. Dhana hii, kwamba mwanzo wa mchezaji ni mizani ya mwisho wake, imekita katika nyoyo za watu mithili ya itikadi, nami naipinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu hesabu zenyewe zinaikana na kwa sababu inawadhulumu vijana.

Homurani, kwa asiyeujua mchezo huu, ni pigo liuvushalo mpira ukuta wa uwanja, likampa mpigaji ruhusa ya kuvizunguka vituo vyote vinne na kurejea alipoanzia pasipo mtu wa kumzuia. Mrushaji husimama umbali wa futi 60 na inchi 6, na mpira wake hupita upesi kiasi kwamba mwenye gongo hana hata nusu ya sekunde ya kuamua apige au aache.

Mashahidi wangu ni wachezaji wenyewe. Mwaka 1990 Kevin Maas aliingia katika kikosi cha New York Yankees akapata homurani zake 10 za kwanza katika zamu 72 tu za kupiga, wepesi ambao hapana aliyemtangulia kwao. Na kwa kuwa alipiga kwa mkono wa kushoto, katika timu ile ile ya Ruth, watu walisadiki kwamba mrithi amepatikana. Hakupatikana. Maas aliiaga ligi kuu mwaka 1995 akiwa na jumla ya homurani 65. Aristides Aquino wa Cincinnati alipiga 14 katika mwezi mmoja wa Agosti 2019, na alipoondoka ligini baada ya msimu wa 2022 jumla yake yote ilikuwa 41.

Na sasa tuwatazame wale ambao majina yao hutumiwa kuwa kipimo. Hank Aaron, mwaka wake wa kwanza wa 1954 huko Milwaukee, alipiga 13 tu, na Septemba akavunjika kifundo cha mguu. Hata katika misimu yake bora hakufikia 50, lakini alidumu misimu 23 akamaliza na 755. Babe Ruth mwenyewe, hadi mwisho wa 1918, alikuwa na homurani 20 katika misimu mitano, kwa kuwa Boston, timu yake ya wakati huo, walimtumia kwanza kama mrushaji. Mike Schmidt mwaka 1973 alishindwa katika zaidi ya zamu nne za kila tano, na watu wakamzomea. Alistaafu na homurani 548.

Sababu ya mambo haya haina siri. Kijana ajapo, warushaji hawamjui, nao humrushia yale wamrushiayo kila mtu. Lakini wao nao ni mafundi. Baada ya majuma machache wamekwisha kuona kwamba huyu hawezi mpira wa chini upande wa nje, au kwamba hushawishika na mpira unaojipinda dakika ya mwisho, wakaambizana, na tangu siku hiyo hapati tena kile alichokuwa akikipenda. Hapo ndipo mtihani wa kweli unapoanza: je, kijana ana subira ya kuacha gongo begani, na akili ya kujifunza upya kazi aliyodhani ameihitimu? Jambo hili halionekani katika michezo 30 ya kwanza, wala hakuna hesabu ya kuzidisha iwezayo kulifichua.

Aidha, hao wakubwa na wadogo hawakupimwa kwa kipimo kimoja. Ruth hakukabiliana ligini na mrushaji mweusi hata mmoja, maana mlango ulikuwa umefungwa hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947; na katika enzi yake msimu ulikuwa wa michezo 154. Mwaka 2019 ligi nzima ilipiga homurani 6,776, idadi isiyopata kuonekana kabla yake.

Wapinzani wangu watanitajia Eddie Mathews, aliyepiga 47 akiwa na miaka 21 akamaliza na 512, au Aaron Judge, aliyepiga 52 katika msimu wake wa kwanza kamili, kisha 62 mwaka 2022. Nakubali, wapo. Lakini wanakumbukwa kwa sababu walifika, na kuwahesabu hao peke yao ni kuwaficha wale walioanza nao wakapotea njiani.

Katika walioanza nao namweka mbele Tony Conigliaro wa Boston, ambaye kipaji chake hakikuwa cha bahati. Akiwa na miaka 20 aliongoza Ligi ya Amerika kwa homurani, na akiwa na 22 alikuwa amekwisha kufikia 100, mdogo kuliko wote waliotangulia katika ligi hiyo. Usiku wa 18 Agosti 1967 mpira wa Jack Hamilton ulimpiga usoni upande wa kushoto. Kofia yake haikuwa na kinga ya shavu. Mfupa ukavunjika, taya likateguka, nuru ya jicho ikaharibika. Alikosa msimu wote wa 1968, akarudi, na kwa ushujaa wa ajabu akapiga 36 mwaka 1970. Walakini jicho liliendelea kumsaliti, na hesabu yake ikakoma kwenye 166.

Basi nawasihi waandishi wa michezo: chapisheni alichokwisha kupiga kijana, wala msichapishe kile mnachomkisia. Mwacheni akutane na warushaji wale wale mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Aaron alipoipita jumla ya homurani zote za Ruth, 8 Aprili 1974, alikuwa na umri wa miaka 40, katika msimu wake wa 21.