Injini Imekufa: Usikimbilie Kuuza Ng'ombe Ununue Gari Lingine

Ndugu mkulima, swali hili huja sana wakati wa mavuno ya vitunguu. Hilux au Land Rover imetoka Mang'ola na magunia ya lumbesa, imechemsha ikipandisha kuja Karatu, injini imenoki, na fundi anasema haifai tena. Nifunge injini nyingine, au niliuze hivi hivi ninunue gari lingine?

Mimi ni mtu wa mazao, siyo fundi wa magari. Lakini swali linanihusu, kwa sababu najua pesa hiyo itatoka wapi. Itatoka kwenye mbegu na mbolea ya msimu unaokuja, au kwa yule ng'ombe wa maziwa anayesomesha watoto.

Msimamo wangu ni huu: chesisi ikiwa nzima, funga injini. Chesisi ikiwa imeoza au imepasuka, usiweke hata shilingi moja. Na kama gari linafanya kazi siku chache tu kwa mwaka, usifunge wala usinunue. Kodi Fuso.

Lala chini ya gari mwenyewe, usitume mtu. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa pale springi zinaposhikilia na kule nyuma matope yanakoganda. Kutu ikibanduka vipande vipande, umeshapata jibu. Wenye Land Rover za zamani muwe makini zaidi: bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari linaonekana zima huku chesisi yake ya chuma inaliwa kimya kimya.

Kisha uliza injini ya kwanza iliuawa na nini. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa mara mbili. Kama rejeta imeziba, au kuna mtu alitoa themostati akidhani anasaidia, injini mpya itachemka kwenye mlima ule ule. Kama bomba la hewa lina ufa, vumbi letu jekundu linaingia moja kwa moja na kusaga ringi na silinda. Kama ulikatika mkanda wa taimingi, jiulize mara ya mwisho ulibadilishwa lini. Fundi asiyeweza kukuambia chanzo usimpe kazi ya kufunga injini.

Funga injini ya aina ile ile iliyotoka. Hilux yenye 3L au 5L irudishiwe hiyo hiyo. Mafundi wengi wanaijua na spea si shida kupata Arusha. Utashawishiwa uweke D4D kwa sababu ina nguvu. Injini ile inategemea kompyuta, na nozeli zake hazivumilii uchafu. Ukiinywesha dizeli ya kwenye madumu, utarudi gereji.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme injini ya mtumba, ufundi, rejeta na oili ni 6,000,000. Gari kama lako linalotembea ni 15,000,000, na hilo bovu linauzika 4,000,000, kwa hiyo utaongeza 11,000,000. Ukikodi, safari moja ni 250,000. Ukitumia gari lako, mafuta na uchakavu ni 130,000. Kila safari unaokoa 120,000. Injini itajilipa baada ya safari 50, gari lingine baada ya safari 92. Mwenye safari 15 kwa mwaka atasubiri zaidi ya miaka mitatu kwa injini, na zaidi ya sita kwa gari. Wakulima wa mahindi na mbaazi wengi ninaowajua hawafikishi hata hizo 15.

Tena gari lako unalijua. Difu ulishaifungua, gia boksi unajua inagoma wapi. La mwingine utaanza kujifunza magonjwa yake upya, kwa pesa yako.

Wengine hupenda Land Cruiser zilizotoka kwenye utalii, kwa kuwa zinapita hapa kila siku kwenda Ngorongoro. Nyingi zilikatwa chesisi zikarefushwa ili zibebe watalii wengi zaidi, na paa likatobolewa lifunguke. Ukiuziwa moja, tafuta ile welding kabla hujasifia siti. Halafu usidanganywe na namba. Gari la namba D au E limesajiliwa Tanzania karibuni kuliko la namba B, basi. Namba haikuambii lilitengenezwa mwaka gani.

Kwa mfugaji wa Nainokanoka au Endulen hesabu yangu ya safari haitoshi. Huko gari moja la boma ndilo linalobeba mama mwenye uchungu usiku, na Fuso ya kukodi haiji ukiita. Mkichanga kama ukoo kufufua gari hilo, siwezi kuwaambia mnapoteza. Chesisi bado ikaguliwe.

Ukishaamua kufunga injini, dai risiti yenye namba ya injini hiyo kabla hujatoa pesa, na uilinganishe na namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba ikibadilika, kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe TRA. Wengi huliacha hili mpaka siku wanataka kuuza gari, ndipo mnunuzi anaona kadi inasema hivi na injini inasema vile, na aliyeuza injini hapatikani tena. Nenda wiki ile ile gari linapotoka gereji, ukiwa na risiti mkononi, na uiarifu pia kampuni yako ya bima.