Airbus na Boeing zinapigania anga, lakini nani atatengeneza ndege ya Shabunda?

Tarehe 4 Novemba 2025, ndege ya mizigo ya kampuni ya Marekani UPS ilianguka ilipokuwa inaondoka Louisville, katika jimbo la Kentucky. Injini ya kushoto ilichomoka kwenye bawa wakati ndege inaanza kuinuka. Marubani wote watatu walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Ilikuwa ndege aina ya MD-11, iliyotoka kiwandani mwaka 1991. Siku chache baadaye, FAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa anga huko Marekani, iliamuru MD-11 zote zibaki chini, kisha ikaongeza DC-10, dada yake mkubwa.

Mashariki mwa Congo habari hiyo ilipita haraka, kwa sababu watu walikuwa na mengi ya kuhangaikia. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, na wa Kavumu, karibu na Bukavu, uliangukia mikononi mwao mwezi uliofuata. Hata hivyo, mwisho wa modeli za zamani ni jambo linalogusa RDC kuliko nchi nyingi. Ni huku ambako ndege zilizochokwa na Ulaya na Marekani zimekuwa zikija kumalizia maisha yao.

MD-11 haikuanza kufa siku ile ya Louisville. Ilianza kufa miaka ya 1990, ikiwa bado mpya. Mtengenezaji wake, McDonnell Douglas, aliiuza kama ndege ya injini tatu ya kuvuka bahari. Zamani sheria ilizuia ndege za injini mbili kwenda mbali na uwanja wa dharura, lakini kuanzia mwaka 1985 zikaanza kuruhusiwa kuvuka bahari kubwa. Airbus ikaleta A330, Boeing ikaleta 777, zote za injini mbili, na injini ya tatu ikageuka kuwa mdomo wa ziada wa kulisha. MD-11 zilitengenezwa 200 tu. Mwaka 1997 Boeing ikaimeza McDonnell Douglas, na miaka michache baadaye kazi ya kuzitengeneza ikasimamishwa. Nyingi zikaondolewa abiria na kubebeshwa mizigo.

Muungano huo uliua na nyingine. McDonnell Douglas ilikuwa na ndege changa ya ukoo wa DC-9, na Boeing ikaipa jina la 717. Marubani waliisifu. Lakini Boeing tayari ilikuwa na 737 yake, na kampuni haipendi kushindana na yenyewe. Zilitengenezwa 156, na mwaka 2006 kiwanda kikafungwa. Fokker ya Uholanzi haikuwa hata na bahati hiyo ya kumezwa na mkubwa: ilifilisika mwaka 1996, ikiacha mamia ya ndege zake angani bila baba.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuhusu Congo. Ndege haizeeki kwa miaka peke yake. Inazeeka mtengenezaji anapoacha kutoa vipuri, mafundi wanaoijua wanapostaafu, na vyuo vinapofunga darasa la marubani wake. Katika hali hiyo bei yake inaanguka, na mwenye pesa kidogo anaweza kuipata. Boeing 727 ni mfano ulio wazi. Zilitengenezwa 1.832, ya mwisho mwaka 1984, na kwa miaka mingi ndizo zilizobeba Marekani nzima. Lakini ilikuwa na injini tatu zenye njaa na kelele, na ilihitaji watu watatu mbele, mmoja wao akiwa wa kuangalia injini tu. Kampuni kubwa zilipopata ndege za watu wawili na injini mbili, 727 zilitupwa sokoni kama magari ya okazi. DC-9 na 737-200 zilifuata njia hiyo hiyo.

Ndege za namna hii ndizo zilizobeba Wacongo miaka ya 1990 na 2000, wakati vita na matope vilipokata barabara. Kutoka Goma hadi Kisangani, kutoka Kisangani hadi Kinshasa, hakukuwa na njia nyingine kwa mtu mwenye haraka. Mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi na mjumbe wa bunge walikaa kwenye viti vile vile ambavyo Wamarekani walikuwa wameviacha.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kukumbushwa tarehe 15 Aprili 2008. Siku hiyo DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa barabara ya ndege na kuingia katika mtaa wa Birere, kati ya maduka na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa chini, si ndani ya ndege. Ndege hiyo ilikuwa ya miaka ya 1970. Miaka mitatu baadaye, Julai 2011, Boeing 727 ya kampuni hiyo hiyo ilianguka ikijaribu kutua Kisangani kwenye hali mbaya ya hewa. Zaidi ya watu 70 walikufa.

Ni kosa kusema uzee ndio uliowaua watu hao. Barabara ya ndege ya Goma ilikuwa imefupishwa na moto wa Nyiragongo wa mwaka 2002, ambao ulifunika sehemu yake ya kaskazini. Kule Kisangani kulikuwa na mvua kubwa. Ndege ya miaka 35 iliyotunzwa vizuri ni salama kuliko ya miaka 10 iliyoachwa. Ila kutunza ndege ya zamani kunadai pesa na ujuzi mwingi kuliko kutunza mpya, na anayeinunua ni yule mwenye pesa kidogo. Mzigo mzito zaidi unawekwa kwenye bega dhaifu zaidi. Kampuni zote zenye cheti cha RDC ziko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwenda huko. Umoja huo unataja udhaifu wa usimamizi wa serikali, na hauhukumu umri wa ndege. Orodha hiyo ilianza mwaka 2006.

Sasa kizazi kingine cha ndege kinasukumwa nje. Desemba 2010 Airbus ilitangaza A320neo, yaani A320 ile ile ikiwa na injini mpya. Faida yake kubwa ni mafuta: kati ya asilimia 15 na 20 pungufu. Boeing ilikuwa inafikiria kutengeneza ndege mpya kabisa, lakini ikaona wateja wake wanaanza kuhama. Agosti 2011 ikajibu haraka kwa 737 MAX, nayo ikiwa ni mwili wa zamani wenye injini mpya. Haraka hiyo iliigharimu. MAX moja ilianguka Indonesia Oktoba 2018, nyingine ya Ethiopian Airlines ikaanguka Machi 2019 karibu na Addis Ababa. Watu 346 walikufa katika ajali hizo mbili, na MAX zote zikakaa chini zaidi ya mwaka mmoja. Januari 2024 kipande cha ukuta wa MAX ya Alaska Airlines kikaruka hewani ndege ikiwa na abiria. FAA ikaiwekea Boeing kikomo cha ndege 38 za aina hiyo kwa mwezi, na baadaye mwaka huo wafanyakazi wake wakagoma zaidi ya wiki saba.

Matokeo yanaonekana kwenye hesabu. Mwaka 2024 Airbus iliwapa wateja ndege 766, Boeing 348. Oktoba 2025 ukoo wa A320 uliupita ule wa 737 kwa idadi ya ndege zilizotolewa tangu mwanzo, ingawa 737 ilianza kuruka miaka 20 kabla.

Kwa kawaida, ushindani wa namna hii ungekuwa habari nzuri kwa nchi kama Congo. Mkubwa akinunua mpya, anaachia ya zamani. A320 za kwanza na 737-800, ndege za watu wawili mbele, injini mbili, vipuri tele na mafundi kila bara, zilikuwa zianze kuteremka kwa bei ya chini. Kampuni za Congo zingeweza kuruka kizazi kizima bila kupitia ndege zisizo na baba.

Haijaenda hivyo, kwa sababu viwanda vimekwama. Boeing imezuiwa. Airbus haipati sehemu za kutosha. Injini mpya za Pratt & Whitney, zinazobeba sehemu kubwa ya A320neo, zilikutwa mwaka 2023 na kasoro katika unga wa chuma uliotumika kuzitengeneza, na mamia ya ndege mpya zikaegeshwa zikingoja karakana. Mwisho wa 2024 shirikisho la kampuni za ndege duniani, IATA, lilisema ndege 17.000 zilikuwa zimeagizwa bila kutolewa, na kwamba wastani wa umri wa ndege zinazoruka umefika miaka 14,8, ambao haujawahi kuonekana. Hata majitu yaliyozikwa yanafufuliwa. Airbus ilitoa A380 ya mwisho mwaka 2021, na Lufthansa iliyokuwa imeziegesha zake ikazirudisha kazini mwaka 2023.

Kwa maneno mengine, mkubwa hauzi tena nguo yake ya zamani. Anaifua na kuivaa yeye mwenyewe. A320 ya miaka 15, ambayo zamani ingekuwa inatafuta mnunuzi Afrika, leo inagombaniwa Ulaya na Asia, na kodi yake imepanda. Injini zake zina thamani kiasi kwamba ndege nyingine zinakatwa zikiwa bado nzima ili injini ziuzwe.

Mtu anaweza kuona shida hiyo kwenye hadithi ya Congo Airways. Kampuni hiyo ya serikali ilianza kuruka mwaka 2015 kwa A320 zilizotoka Alitalia, ndege zinazofaa, zenye soko la vipuri. Mwaka 2019 ikatia saini ya kununua Embraer mpya kutoka Brazil. Embraer hizo hazikufika, na A320 zenyewe zikakaa chini muda mrefu zikingoja matengenezo. Air Congo, iliyoanza mwisho wa 2024, imepita mlango mwingine: serikali ina asilimia 51, Ethiopian Airlines 49, na ndege za kwanza ni 737-800. Ethiopian ina karakana yake, marubani wake na nafasi yake kwenye foleni ya Boeing. Huenda hilo ndilo jambo la maana katika mkataba huo, kuliko rangi zilizopakwa kwenye mkia.

Lakini yote hayo ni habari za miji yenye lami ndefu. Kwa mkaaji wa Shabunda, Walikale, Punia au Lulingu, Airbus na Boeing ni majina ya televisheni. Ndege zinazomfikia ni Let 410 ya Czech, Antonov za wakati wa Urusi ya Kisovieti na ndege ndogo za Cessna. Zinatua kwenye udongo, na wakati wa biashara kubwa ya kasiterite ya Bisie zilitua hata juu ya barabara ya magari pale Kilambo, karibu na Walikale, zikipakia magunia kuelekea Goma. Zinapeleka chumvi, sabuni, dawa na bia, zinarudi na madini. Siku ambazo haziji, bei ya sabuni inapanda sokoni.

Huku chini hakuna vita vya watengenezaji, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Kwenye ndege za abiria 150, modeli ya zamani inakufa kwa sababu kuna mpya inayoisukuma. Kwenye ndege za abiria 19, za zamani zinakufa na nyuma yake karibu hakuna kitu. Beechcraft iliacha kutengeneza 1900 yake mwaka 2002. Jetstream ya Uingereza iliachwa mapema zaidi. Dornier 228, aina ile iliyoanguka juu ya nyumba za Goma Novemba 2019 ikielekea Beni, ilibaki kutolewa kidogo kidogo. An-26 ya mwisho ilitoka Kyiv miaka ya 1980, na Kyiv leo ni mji ulio vitani. Zinazobaki kutengenezwa ni chache, kama vile Let 410 yenyewe, kule Kunovice, na Twin Otter ya Canada, iliyoachwa mwaka 1988 kisha ikafufuliwa. Moja mpya inauzwa kwa mamilioni ya dola, na hakuna mfanyabiashara wa kasiterite anayeweza kuirudisha pesa hiyo kwa magunia.

China imeingia kwenye mashindano kwa C919 yake, inayobeba abiria tangu Mei 2023, lakini nayo inawinda soko lile lile la A320 na 737. Kwa watengenezaji pesa iko huko. Ndege ya watu 19 inayoweza kutua kwenye matope haina mnunuzi wa kuagiza 100 kwa mara moja.

Kwa hiyo waendeshaji wa Kivu, Maniema na Tshopo wanaendelea kufanya wanachojua: ndege moja inaegeshwa ili nyingine mbili zipate vipuri kutoka mwilini mwake, hadi siku zitakapobaki mbili, kisha moja. Mafuta yake yanakuja kwa malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na kila mpaka unaongeza bei. Kukiwa na vita, bima nayo inapanda. Barabara ya taifa namba 2, iliyotakiwa kuunganisha Bukavu na Maniema kupitia upande wa Shabunda, ingepunguza haja ya ndege hizo kuliko kiwanda chochote cha Toulouse au Seattle. Sehemu zake nyingi bado ni njia ya miguu na pikipiki.