Apatimenti Kijijini, na Ujirani Uliotiwa Kwenye Bei

Hapa tumezoea kuhakiki riwaya na diwani. Leo naomba tuhakiki tangazo la nyumba, maana nalo ni utanzu, tena lina wasomaji wengi kutuzidi sote. Lugha ya madalali wa ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Katoro na Geita, imeanza kufanana na ya Masaki: apatimenti ya kisasa, inaokoa umeme, mazingira ya kijijini, majirani wenye mshikamano. Ukiyasoma polepole unagundua kwamba tunauziwa vitu vilevile tulivyofundishwa kuvionea aibu.

Tuanze na hilo neno "kisasa". Nyumba ya msonge yenye ukuta mnene wa udongo na paa la nyasi, saa nane mchana wa Septemba, ina ubaridi ambao sebule ya bati haiujui. Lakini shuleni, na kwenye hadithi zetu wenyewe, nyasi ni ufukara na bati ni maendeleo; mhusika akifanikiwa tu, anaezeka bati. Sikatai sababu zake. Aliyewahi kuamka usiku kuhamisha kitanda kwa sababu paa linavuja hawezi kuhubiriwa uzuri wa nyasi na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Bati linakinga mvua na haliwaki moto. Sawa. Ila hilo halitulazimishi kuliita joto maendeleo. Tumejenga vyumba vinavyotuchoma, tukafunga feni, tukafunga kiyoyozi, na sasa anakuja mtu kutuuzia kuta nene na madirisha yanayopitisha upepo, eti teknolojia mpya!

Halafu "inaokoa umeme". LUKU huanza kuhesabu siku mita inapofungwa. Haihesabu magogo yaliyoteketea kwenye tanuru la matofali kabla nyumba haijasimama. Na mkoa unaoijua bei ya magogo ni Shinyanga. Miti ilifyekwa kwa miongo mingi, mara kuua mbung'o, mara kupanua mashamba ya pamba, mpaka watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichousaidia kuliko vyote kilikuwa ngitili: desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike mpaka kiangazi. Miti ilirudi kwa sababu watu walikubaliana kwamba ng'ombe wasiingie humo, na waliokubaliana ni majirani wanaojuana kwa majina. Mjenzi anayechoma tofali kwa kuni za watu hao, kisha akafunga taa za LED na kujisifu kwamba anaokoa nishati, anatuchezea. Akitaka kweli, zipo tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Wakala wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umezihubiri kwa miaka. Ni udongo uleule wa bibi yako.

Ila linalonikera kuliko yote ni "mshikamano".

Wasukuma hawakuwa watu wa kubanana. Kaya zilitawanyika, kila moja na zizi lake na ua wa minyaa. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwaka uliofuata operesheni ikapita Shinyanga. Watu wakahamishwa, wakapangwa kwa mistari. Kezilahabi aliliandika suala hilo la kuhamishwa katika Gamba la Nyoka (1979), asiyelijua akasome. Ninachotaka kusema ni kwamba vijiji vingi tunavyoviona leo vilichorwa na maofisa, lakini ujirani haukuwemo kwenye ramani. Waliuleta na kuujenga wenyewe, kwa nzengo.

Nzengo, kwa msiokulia huku, ni umoja wa kaya jirani. Msiba ukitokea, kila kaya inapeleka unga, kuni, maji, na mikono ya kuchimba kaburi. Usipofika unatozwa faini. Ukizidisha, watu wanakutenga, na ya kwako utayabeba peke yako. Tusiipambe: nzengo inabana, inachungulia, inajua umepika nini na mgeni wako kaondoka saa ngapi. Ndivyo mshikamano ulivyo. Ni deni mnalodaiana maisha yenu yote, na ndiyo maana unashika. Dalali anauorodhesha kati ya tanki la maji na maegesho ya magari.

Na sheria zenyewe zinamsuta. Umiliki wa sehemu ya jengo tuliutungia sheria mwaka 2008. Wenye apatimenti wanakuwa na chama chao na wanachangia matunzo ya jengo wanalotumia pamoja. Ni jambo jema, lakini chama hicho hakichimbi kaburi. Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya 1999: inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mgeni anayeitaka anakiomba kijiji, haombi kwa dalali. Kwa hiyo ukiuziwa ghorofani "kijijini" kwa hati, ama ardhi hiyo ilishatoka mikononi mwa kijiji, ama unauziwa mbuzi kwenye gunia. Kijiji cha kwenye tangazo ni mandhari tu, kinaonekana vizuri ukiwa barazani, ng'ambo ya ukuta. Mfano tunao wa zamani: Mwadui, tangu mgodi wa almasi ulipoanza mwaka 1940, nyumba nzuri ndani ya uzio, vijiji nje.

Nawajua wanaolengwa na matangazo haya, kwa sababu ni rika langu: walimu, mafundi wa migodini, wahasibu, sisi waandishi. Tumechoka na vyumba vya kupanga vyenye bati linalolia. Nunua, ndugu yangu, sikuzuii. Lakini kabla hujauliza inakula yuniti ngapi kwa mwezi, uliza nzengo ya hapo inakutana wapi, kuni za msiba zitapangwa wapi, na saa nane usiku, akija mtu kugonga kuleta taarifa ya kifo, nani atamfungulia lango.

Dalali wa mwisho niliyemuuliza alinihakikishia kwamba hakuna mtu atakayenisumbua, mlinzi yupo saa ishirini na nne.