Bahari Inayoanzia Handeni

Si jambo geni siku hizi kuona boti za matanga za wageni zimetia nanga katika hori na ghuba za pwani hii, kuanzia Kilifi hadi Tanga, Unguja na Mafia. Aghalabu ndani yake mna mume na mke waliokwisha kustaafu, walioiuza nyumba yao au kuipangisha, wakahamishia maisha yao yote katika chombo kisichozidi ukubwa wa sebule: kitanda, jiko, vitabu na dawa. Hujiita wakaazi wa bahari. Huwatazama kwa jicho la huruma wale watalii wa wiki mbili wanaojianika jua mbele ya hoteli, kwani mtalii, wasemavyo wao, huinunua bahari kwa siku, ilhali wao wanaishi nayo.

Maneno hayo yamewaingia hata washairi wa pwani. Katika tungo nyingi za miaka hii bahari imegeuka kioo cha buluu: tanga jeupe, machweo, wapendanao wawili, upepo mwanana. Msomaji akilifunika jina la mtunzi hawezi kujua kama shairi lile limetoka Makunduchi au limetoka kwenye kipeperushi cha hoteli. Na mshairi huyo akiulizwa mbona Handeni na Korogwe hazimo katika bahari yake, hucheka. Huko ni bara, husema, kwa watu wa mahindi na mkonge. Wana nini na maji ya chumvi?

Kicheko hicho kinastahili kujibiwa.

Na yaanze madai ya uhuru wa wakaazi wa bahari. Hapana kisa kinachoyapima madai hayo kuliko kile cha Paul na Rachel Chandler, mume na mke Waingereza waliokuwa wakiishi ndani ya boti yao, Lynn Rival. Mwezi wa Oktoba 2009 waling'oa nanga Shelisheli, visiwa vinavyojulikana duniani kwa mapumziko, wakielekea Tanzania kwa azma ya kufika Tanga. Tarehe 23 ya mwezi huo, kabla ya alfajiri, walitekwa na maharamia wa Kisomali. Walikaa mateka siku 388, wakaachiliwa tarehe 14 Novemba 2010 baada ya kulipiwa fidia. Dhiki yao ilikuwa ya kweli, wala hapana muungwana awezaye kuifanyia mzaha. Dunia iliwajua kwa majina na kwa nyuso. Boti yao iliokotwa ikarejeshwa kwao, wakaandika kitabu, na mwaka 2012 wakatweka tanga tena. Ni vyema. Ndivyo impasavyo binadamu kukumbukwa.

Lakini maji yale yaliyo baina ya Tanga na Somalia yalikuwa yamekwisha kuwapitisha mateka wengine, wakienda upande wa kaskazini, yapata miaka mia na sabini kabla yao. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa kali ziliikumba nchi ya Uzigua, ambayo leo ni Handeni, Kilindi na sehemu za Korogwe na Pangani. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Mapokeo ya wajukuu wao yasema kwamba huko waliahidiwa kazi na posho, wakapandishwa majahazini. Upepo wa kusi ukawachukua hadi Benadiri, na walipotia mguu nchi kavu wakakuta wameuzwa. Wakawekwa kulima mashamba katika bonde la mto Shebele. Baadaye wengi walitoroka, na mapokeo humtaja mwanamke mmoja mwaguzi, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Azma yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Safari ikakomea mto Juba, katika misitu ya Gosha, na huko wakaanzisha vijiji vyao. Vizazi vikapita, na watu wale wakaendelea kusema Kizigua.

Ni msomaji yupi wa tungo za bahari aliyewahi kulisikia jina la Wanakhucha? Paul na Rachel walikuwa na ramani, redio, pasi za kusafiria na nchi ya kuwaulizia. Wazigua wale hawakuwa na hata mmoja wa kuwaandika majina. Walikuwa mume na mke pia, na watoto mgongoni. Walilala, walitapika na walilia ndani ya chombo. Kama kuishi chomboni ndiko kunakompa mtu haki ya kuitwa mtu wa bahari, basi ni nani aliyeilipia haki hiyo kwa bei kubwa zaidi?

Kisa chao hakikuishia Juba. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wajukuu wa mateka wale walivamiwa, wakanyang'anywa mashamba na chakula. Wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao, maelfu kwa maelfu, hatimaye wakapokelewa Marekani. Lakini wako waliokumbuka kwamba wana kwao. Wakapanda vyombo, wakaifuata pwani kuelekea kusini hadi Tanga, na kutoka huko wakapelekwa Mkuyu, Handeni, katika kambi ya wakimbizi. Mwaka 2003 wakapewa ardhi Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, na mwaka 2014 mamia kwa mamia yao wakapokea hati za uraia wa Tanzania. Watu waliochukuliwa kwa jahazi walirudi kwa jahazi, na lugha yao imo kinywani. Waliposhuka hapana aliyewaita mabaharia. Waliitwa wakimbizi.

Na Korogwe je? Mji ule umekaa kando ya mto Pangani, ambao huyabeba maji ya Kilimanjaro na Meru mpaka yakachanganyika na chumvi penye mji wa Pangani. Reli kutoka bandari ya Tanga iliufikia mwaka 1902, na kandokando ya reli ile pakaenea mashamba ya mkonge, zao lililoingizwa nchini mwaka 1893. Mkonge hutoa katani, na katani husokotwa kamba. Wakataji waliletwa kutoka mbali, wakahesabiwa kwa mafungu ya majani, huku miiba ikiwachoma mikono. Na mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakaachwa yakamezwa na vichaka. Leo boti ya mstaafu inayonesanesa ghubani imefungwa kwa kamba ya nailoni. Mshairi anayeisifu haoni kwamba fundo lile nalo lina habari za Korogwe.

Yuko atakayesema kwamba huku ni kuchanganya mambo. Kwamba mume na mke wanaosafiri kwa akiba yao hawakumuuza Mzigua yeyote, wala hawakuvunja soko la katani. Ni kweli tupu. Mgeni asilaumiwe kwa kuipenda bahari. Lawama inamwangukia mwenyeji mwenye kalamu, ambaye amekubali kuitazama bahari yake kwa macho ya mpita njia, kisha akawafungia mlango watu wa bara kana kwamba mawimbi hayajapata kuwagusa. Mkaazi wa botini ajionaye bora kuliko mtalii wa hotelini ana ubishi wake na mtalii. Wote wawili wana pasi na nyumba ya kurudi. Mshairi wa pwani hana sababu ya kuwa mwamuzi baina yao.

Yuko pia atakayesema kwamba ushairi si mahakama, na kwamba uzuri wa bahari unatosha kuwa mada. La hasha, hautoshi. Wahenga walisema bahari haishi zinge, na aliyesema hivyo alikuwa amewahi kuzungushwa nalo. Wajuzi wa ushairi wa Kiswahili huziita aina za tungo bahari, na mojawapo ni utenzi, ambao kwa karne kadhaa umebeba vita, misiba na safari. Chombo hicho kipo, na mzigo wa kukijaza upo.

Anayetaka kuutafuta mzigo huo hahitaji boti. Apande basi Tanga. Penye njia panda ya Segera, barabara moja yaenda Korogwe, nyingine yaelekea Mkata, na kutoka hapo hadi Handeni. Akifika Chogo asianze kusoma mashairi yake ya machweo. Aombe kuonyeshwa mzee aliyekuja kwa chombo, aamkie shikamoo, akae, amwulize safari ilikuwa ya siku ngapi, maji ya kunywa yaliisha lini, na ni wimbo gani uliimbwa usiku kuwanyamazisha watoto. Kisha aandike, maadamu wazee hao wangali hai.