Bambo na mdomo wa gunia

SAFU YA ALHAMISI
Na Rehema Kibwana

Juzi kwenye daladala mtangazaji wa redio alitutangazia kuwa Watanzania walio wengi hawataki muziki wa sauti ya juu kwenye daladala. Amejuaje? Wasikilizaji walipiga simu. Yaani mwenye salio, mwenye nafasi saa mbili asubuhi, tena aliyekwisha kukereka.

Mnunuzi wa mahindi hadanganyiki hivyo. Anajua mdomoni mwa gunia muuzaji huweka punje zinazong'aa. Anashika bambo, anachoma ubavuni, katikati na chini kabisa, kisha anamimina punje kiganjani. Gunia ndilo kundi zima, za kiganjani ni sampuli. Sehemu ya punje zilizoliwa na dumuzi katika gunia lote ndiyo wanatakwimu wanayoiita kigezo. Kipo, lakini ukitaka kukijua barabara umwage gunia uhesabu. Ukichoma bambo tena, kigezo hakisogei. Yanayosogea ni makisio yako.

Sisi tulimwaga gunia Agosti 2022: watu 61,741,120, wastani wa 4.3 kwa kaya. Kazi hiyo haifanywi kila mwaka, ina gharama. Katikati ya sensa na sensa tunatumia bambo, kaya elfu kadhaa kwa niaba ya nchi. Hapo ndipo wengi huguna: "Mbona mimi sijaulizwa?" Siwacheki, ila wangeuliza kwanza waliohojiwa walipatikanaje.

Wingi pekee hauponyi. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatabiri ushindi wa Alf Landon. Franklin Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati nchi imo kwenye ukata mkubwa. Na wengi walioandikiwa hawakujibu. George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi. Milioni 2, zote za mdomoni mwa gunia.

Ndani ya daladala yetu hakuna aliyeulizwa. Mtangazaji alipomaliza, ukaingia wimbo. Konda akaongeza sauti, na bibi mmoja kiti cha nyuma akaanza kuitikia.