Chapa ya Baba, Chapa ya Mama

Wauguzi wetu wanalo neno mimba zabibu. Tumbo linakua, mara nyingi haraka kuliko miezi yake, kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo, lakini ndani hamna mtoto. Mna vifuko vya maji vilivyoshikana kama kishada. Nyumbani maneno huanza: huyu karogwa, huyu ana mkosi, ukoo wao ndivyo ulivyo. Yote humwelekea mwanamke, naye hana la kujibu kwa sababu hakuna aliyemweleza, kwa lugha anayoielewa, kilichotokea ndani ya yai.

Kilichotokea kinaelezeka. Toleo hili linahusu jinsi kiinitete kinavyojijenga, na ninalifungua kwa kazi ya mtu aliyezaliwa Kisumu mwaka 1945, Azim Surani. Alisomea Uingereza, akapata uzamivu wake Cambridge chini ya Robert Edwards, yule ambaye utafiti wake ulifanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama.

Surani alishikwa na swali ambalo hata mtoto angeuliza: kwa nini panya hazaliwi bila baba? Wapo mijusi wanaozaliwa hivyo. Yai la panya nalo linaweza kuchokozwa maabarani likaanza kugawanyika bila mbegu ya dume, ila kiinitete hufa mimba ikiwa katikati. Yeye na wenzake, Sheila Barton na Michael Norris, wakachukua mayai yaliyorutubishwa saa chache tu zilizopita, wakati kiini cha baba na kiini cha mama bado havijaungana, wakavihamisha kwa sindano za kioo nyembamba mno. Yai lililopewa kiini kimoja cha kila mzazi liliweza kuzaa panya mzima. Lililopewa viini viwili vya mama lilianza kutengeneza kijusi, lakini kondo likawa duni, kijusi kikafa. Lililopewa viwili vya baba lilikuza kondo, na mtoto karibu hakuwepo. Ilikuwa mwaka 1984. Mwaka huohuo, kule Philadelphia, James McGrath na Davor Solter walifikia jibu lilelile kwa njia yao.

Tusilipite jibu hili haraka. Katika mayai yote hayo idadi ya kromosomu ilitimia na hakuna jeni iliyopungua. Kumbe nakala ya jeni inakumbuka ilikotoka. Sisi tumeamua kuiita kumbukumbu hiyo chapa, kwa sababu mfugaji anajua kwamba chapa haibadilishi nyama ya ng'ombe, inasema tu ni wa nani. Vivyo hivyo, vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo methili hubandikwa juu ya DNA bila kugusa herufi zake, na jeni yenye chapa hiyo mara nyingi hunyamaza. Jeni za namna hii kwa binadamu ni kama 100 kati ya takriban 20,000, na nyingi zinahusika na ukuaji wa mtoto na kondo. Mfano wa ng'ombe unafika mwisho hapo, maana chapa ya jeni hufutika. Mwanamume aliyepokea jeni yenye chapa ya mama yake ataipitisha kwa mwanawe ikiwa na chapa ya baba. Ufutaji huo hufanyika katika chembe zitakazozaa mbegu na mayai, na ndizo Surani aliendelea kuzichunguza kwa miaka mingi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi ya kazi yake, ingawa tuzo ya Gairdner ya mwaka 2018, aliyoipata pamoja na Solter, ilitaja chapa.

Sasa turudi kwa mama yetu. Katika mimba zabibu kamili, kwa kawaida kromosomu zote hutoka kwa baba. Yai lilikuwa limepoteza za kwake. Ni kama lile yai la panya lenye viini viwili vya dume: tishu za kondo zimestawi, mtoto hayupo. Hakuna uchawi, na hakuna kosa la mke wala la mume.

Nasikia watu wakisema elimu ya jeni ni ya wataalamu na Kiswahili hakiiwezi. Nakataa. Familia zetu huuliza kila siku mtoto kachukua nini kwa nani, na hili ni jibu la swali hilohilo. Mtu wa Kisumu alisaidia kulipata, na watu wa Kisumu wanastahili kulisoma.

Ninyi wauguzi mtakaosoma toleo hili, nawaomba jambo moja. Mkikutana na mama huyo, mwelezeni habari za yai lake, mumewe akiwepo. Kisha msimruhusu aondoke bila tarehe ya kurudi kupimwa damu, maana mabaki ya zabibu yanaweza kugeuka saratani, na saratani hiyo ikiwahiwa hupona.